Fremu ya Honda CG125 ya zamani: rangi ya kopo ipi, na chuma kiandaliwe vipi kabla ya kupuliza?

CG_ya_Mzee (Tanga), 3 Agosti

Habari za asubuhi wakuu.

Nina Honda CG125 ya marehemu mzee wangu. Aliinunua mwaka 1984 akiwa msimamizi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na ndiyo iliyokuwa ikitupeleka shule. Wanaozijua hizi pikipiki hawahitaji maelezo: Honda walianza kuzitengeneza 1976, injini ya fimbo badala ya mnyororo wa taimingi, na injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria leo zimetokana na hiyo. Ya kwangu inawaka kiki ya pili. Injini haina neno, tatizo ni fremu.

Mwaka jana niliifungua yote nikaipaka rangi mwenyewe hapa nyumbani. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha, nikapuliza praima ya kijivu mikono miwili na nyeusi ya kung'aa mikono mitatu, zote za makopo. Ilipendeza sana. Mwezi wa tatu baada ya hapo nikaanza kuona malengelenge madogo kama punje za mtama, chini ya kiti na pale stendi ya pembeni inaposhikia. Nilipasua moja kwa ukucha. Ndani kulikuwa na tone la maji, na chini ya tone kutu mbichi ya rangi ya chungwa. Leo ukipitisha kidole kwenye bomba la chini rangi inatoka kama ganda la yai.

Nilimlaumu muuza kopo, lakini sasa nadhani kosa lilikuwa langu. Fremu niliiosha kwa maji ya kisima chetu, na kisima kiko karibu na bahari. Maji yake ukiyaonja yana chumvi. Maji yakakauka, chumvi ikabaki kwenye chuma, mimi nikaifunika na rangi. Rangi yoyote hupitisha unyevu kidogo, na chumvi iliyofungiwa chini yake huuvuta huo unyevu mpaka lengelenge linatokea.

Naanza upya na safari hii sitaki haraka. Naombeni msaada kwenye mambo mawili. La kwanza, rangi ya kopo aina gani itahimili petroli na hewa ya bahari? La pili, kutu iliyojificha kwenye kona ambazo brashi haifiki niitoeje?

---

RaidaWaNyali (Mombasa)

Pole ndugu yangu. Hayo ya kisima nimeyaona hapa pia, watu wanaosha hata magari kwa maji hayo. Tafuta maji ya mvua au ya bomba, na suuza ya mwisho iwe nyingi.

Kuhusu makopo, usisome jina la mbele, geuza usome nyuma imeandikwa nini. Kwa fremu utakutana na aina tatu. Kuna akriliki ya kukauka haraka, ile ya bei nafuu inayokauka kwa dakika kumi au kumi na tano. Hiyo ni rahisi kupuliza, lakini petroli inaiyeyusha hata baada ya mwaka, kwa sababu haifungamani, inakauka tu kimiminika chake kikishatoka. Kuna rangi ya mafuta, enameli. Hii inakauka polepole, inaendelea kuwa ngumu kwa wiki kadhaa ikivuta hewa, na ikishakomaa petroli ya kudondoka haiisumbui sana. Ya tatu ni ya 2K, kopo lenye hadena (dawa ya kuigandisha rangi) ndani yake. Unabonyeza kitufe cha chini, unatikisa, na kuanzia hapo una siku moja au mbili kabla halijagandia humo humo. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na bei yake unaijua.

Kabla ya yote jaribu rangi iliyoko sasa. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tina, kandamiza kwenye rangi kwa nusu dakika. Kitambaa kikitoka cheusi, hiyo ni akriliki, na ukiweka rangi yenye tina kali juu yake itavimba na kukunjamana. Itoe yote.

---

Fundi_Gerezani (Dar es Salaam)

Mkuu, umefanya vizuri kusema ukweli kuhusu kisima. Wengi wanaoniletea fremu wanataka tuzungumze rangi, na mimi nataka tuzungumze chuma.

Fungua kila kitu. Shokapu, mkono wa nyuma, stendi, waya zote. Ukifungua shingo weka beseni chini, maana goroli za CG ziko huru na zitatawanyika. Hesabu za juu na za chini, andika. Piga picha ya kila waya ulipopita.

Kisha toa grisi kabla hujagusa msasa. Hili watu wanalirusha. Ukisugua chuma chenye grisi, msasa unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika. Anza na mafuta ya taa na brashi ngumu, halafu sabuni ya unga na maji ya moto, suuza, kausha. Msasa baada ya hapo.

Rangi ikishatoka, tafuta nyufa. Paka mafuta mepesi kwenye maungio ya welding, futa, halafu subiri kidogo: ufa utaonekana kama unywele mweusi kwa sababu mafuta yanatoka ndani yake. Tazama shingoni, kwenye kikanyagio, kwenye mkono wa stendi ya pembeni na pale keria inaposhikia. Kama kuna welding ifanyike sasa. Nimeona watu wanamaliza rangi ndipo wanagundua ufa, na moto wa welding unaharibu kazi ya wiki nzima.

Kuhusu kupiga mchanga kwa upepo wa kompresa ili kutoa rangi na kutu: ni njia nzuri, lakini nakuomba usikubali mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na ule upepo unaipigilia chumvi ndani ya chuma. Utarudi kwenye malengelenge yale yale. Na mchanga wa kawaida ukivunjika unatoa vumbi linaloua mapafu taratibu, kwa hiyo fundi asiyejifunika vizuri usimpe kazi. Wenye garneti, yaani chembe za jiwe gumu badala ya mchanga, ni bora. Kabla ya kupeleka, ziba shingo pande zote mbili na matundu ya bolti.

Chuma kikiwa cheupe, usikilaze uchi. Kwa hewa ya Tanga saa chache tu kinaanza kuwa cha kahawia. Kimesuguliwa asubuhi, jioni kiwe na praima.

Praima sasa, na hapa ndipo uweke pesa zako. Praima nene ya kijivu ya kujazia mikwaruzo inanyonya maji kama sifongo. Ukiendesha na hiyo peke yake hata wiki mbili, chini tayari ni kutu. Inayozuia maji ni epoksi. Wewe uko pwani, nenda kwa wanaouza rangi za boti, utapata epoksi ya makopo mawili ya kuchanganya kwa kiasi kidogo. Huna bunduki ya rangi? Paka kwa brashi laini, nyembamba, mikono miwili, kisha laza kwa msasa wa maji. Kwenye kona brashi inaingia kuliko hewa. Ila epoksi isiachwe juani bila rangi ya juu, jua linaifanya kuwa chaki.

Na yule atakayekushauri praima ya zinki, mwulize utaweka nini juu yake. Rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki inageuka sabuni kwa chini na kubanduka vipande.

---

Mkulima_Raida (Kisumu)

Kwa kutu ya kwenye vipande vidogo, nenda duka la chakula cha ng'ombe ununue molasi. Changanya kipimo kimoja cha molasi na tisa vya maji, tumbukiza stendi, bolti, vishikio, funika, subiri wiki moja mpaka mbili. Inanuka, iweke mbali na nyumba. Lakini inakula kutu na kuacha chuma. Mimi nilitoa kikanyagio cha Yamaha ambacho nilidhani ni cha kutupa, namba zilizogongwa chini ya kutu zikasomeka.

Kama unataka haraka, magadi. Vijiko viwili vya chakula kwa ndoo ndogo ya maji, chaja ya betri ya volti 12, upande hasi kwenye kipande chenye kutu, upande chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji. Vipovu vikianza ujue kazi imeanza. Fanya nje, gesi inayotoka inalipuka. Na chanya isiwe kijiko cha stainlesi hata kidogo, maji yatakuwa na sumu ya kromu.

Alumini usiweke humo, si kwenye molasi wala kwenye magadi. Itaharibika. Na fremu yenyewe usiizamishe, maji yakiingia ndani ya mabomba utayatoaje?

---

Kijana_wa_Kange

Shikamooni wakuu. Mimi nina swali dogo. Dukani nimeambiwa ninunue rangi ya ekzosi kwa ajili ya fremu kwa sababu inahimili moto mkali, hivyo ni ngumu kuliko nyingine. Ni kweli?

Fundi_Gerezani

Marahaba kijana. Hapana, usinunue. Ile rangi inakomaa ikipata moto, nyuzi mia mbili hivi, na fremu haifiki huko. Ukiipuliza kwenye fremu itabaki laini, funguo ikigusa tu inakwaruzika. Iache ikae kwenye ekzosi.

---

CG_ya_Mzee, 28 Septemba

Wakuu nimerudi. Kazi ya fremu nimeisimamisha kwanza, nikafanya jaribio, maana sikutaka kubahatisha mara ya pili.

Nilikata bomba la chuma vipande vitatu vya urefu wa kiganja. Vyote nilivisugua mpaka vyeupe, msasa namba 80 kisha 180, nikaosha kwa maji ya bomba na sabuni, nikafuta kwa tina. Cha kwanza: praima ya kijivu ya kopo na akriliki. Cha pili: epoksi ya boti kwa brashi, kisha enameli ya kopo. Cha tatu: epoksi ile ile, kisha 2K ya kopo. Nilivisubiri wiki moja, nikavichora alama ya X kwa msumari mpaka chuma kikaonekana, nikavitundika juu ya ukuta unaotazama bahari. Vimekaa hapo wiki sita na kusi ikivuma.

Kipande cha kwanza kutu imetembea chini ya rangi karibu milimita tano kila upande wa X, na rangi inanyanyuka kwa kucha. Cha pili na cha tatu kutu imebaki ndani ya mchoro wenyewe. Niliviweka pamoja mezani na kwa macho sikuweza kuvitofautisha.

Halafu petroli. Nilifunga kitambaa chenye petroli kwenye kila kipande kwa dakika kumi. Akriliki ilitoka yote, kitambaa kikawa cheusi. 2K haikushtuka. Enameli niliijaribu mara mbili: baada ya wiki moja ililainika, ukucha uliacha alama. Baada ya wiki sita, hakuna kitu.

Kwa hiyo epoksi nimeshaamua. Juu nafikiria 2K kwa sababu ni ngumu toka mwanzo. Nina uwanja wa nyuma wenye turubai, na barakoa zile za hospitali ninazo boksi zima.

---

MpigaRangiMstaafu (Morogoro)

Mwanangu, nimesoma uzi huu toka juu na sikuwa na nia ya kuandika, ila hilo la barakoa limenifanya niandike.

Nimepiga magari rangi miaka kumi na tisa. Tulianza na NC, rangi ya zamani ya selulosi, baadaye ikaja 2K, na gereji niliyokuwa nafanya kazi hatukupewa kinga yoyote. Tulifunga kitambaa mdomoni. Hadena ya 2K ina kemikali iitwayo isosayaneti. Huioni na mara nyingi huinusi. Kwangu ilianza kama mafua yasiyoisha, halafu kifua kikawa kinabana usiku baada ya siku ya kupuliza. Nilipofika hospitali daktari akaniambia ni pumu ya kazini. Mwili ukishaizoea vibaya, hata mvuke kidogo unatosha. Leo mtu akipuliza 2K nyumba ya tatu mimi naondoka.

Barakoa ya hospitali haizuii mvuke. Hata ile yenye vichujio vya kaboni inaziba kwa muda, na wewe huwezi kujua imechoka lini, kwa kuwa hadena haina harufu ya kukuonya. Wanaofanya kazi hii kwa usalama wanavuta hewa safi kwa bomba kutoka nje. Na turubai ni mbaya kuliko wazi, linakufungia mvuke.

Jaribio lako limekuonyesha kwamba enameli baada ya wiki sita inasimama. Una pikipiki ya baba, huna mteja anayekusubiri getini. Subiri wiki sita.

---

CG_ya_Mzee

Mzee wangu, asante sana, na pole kwa yaliyokupata. Sikujua. 2K nimeiacha, kopo nitalirudisha.

---

CG_ya_Mzee, 2 Machi

Wakuu, kazi imeisha. Samahani kwa ukimya, niliacha vuli ipite. Nilitaka kaskazi, hewa ikauke.

Fremu niliipeleka kwa mwenye garneti. Ilivyorudi ilikuwa ya kijivu isiyong'aa, na chini ya mkono wa stendi ya pembeni, pale pale lengelenge la kwanza lilipotokea, kulikuwa na ufa kama unywele, sawasawa na alivyosema Fundi. Ulichomelewa siku hiyo hiyo. Niliusugua uwe laini, nikaosha fremu nzima kwa maji ya mvua niliyokinga wakati wa vuli, ndoo nne, nikaikausha kwa hewa ya kompresa ya jirani, nikafuta kwa tina kwa vitambaa viwili: kimoja cha kulowesha, kingine kikavu cha kufuta kabla tina haijakauka yenyewe. Kitambaa cha tatu kilipotoka cheupe ndipo nilipofungua epoksi. Saa tisa alasiri mkono wa kwanza ulikuwa umekamilika.

Kabla ya hapo niliziba shingo kwa matambara, matundu ya bolti kwa vijiti vya mihogo vilivyochongwa, na namba ya fremu niliifunika kwa tepu ya karatasi wakati wa garneti. Jamani hiyo namba msiiguse kwa grenda. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi, na ikisomeka nusu hutaweza kuuza wala kujieleza kwa askari. Kwenye rangi niliipitishia mkono mmoja tu mwembamba ili iendelee kusomeka.

Epoksi mikono miwili, siku mbili za kukauka, msasa wa maji namba 400, suuza, kausha. Kisha enameli nyeusi, makopo matatu. Mabomba ni membamba, nusu ya rangi inapita hewani, kwa hiyo msinunue kopo moja mkadhani litatosha. Nilianza saa nne asubuhi umande ukiwa umeshakauka, fremu nikaining'iniza kwa waya kwenye mwembe ili niizunguke. Kopo nililitikisa dakika mbili nikitazama saa, baada ya goroli ya ndani kuanza kulia. Mkono wa kwanza niliupita mwepesi kama vumbi, chuma kinaonekana bado. Umbali ni shibiri moja na zaidi kidogo. Unaanza kubonyeza kabla ya bomba na unaachia ukishalipita, vinginevyo rangi inalia machozi pale ulipoanzia. Nilianza na kona za ndani na maungio, sehemu pana mwisho.

Kosa moja nimelifanya. Kopo liliandikwa urudie ndani ya saa moja au usubiri saa 48. Mkono wa tatu niliona sehemu moja nyuma ya betri imekosa rangi, nikaipuliza jioni, saa tano baadaye. Ndani ya dakika mbili ikakunjamana kama utando wa maziwa. Ilibidi niache siku nne, nisugue hapo kwa namba 600, nipulize upya. Yaliyoandikwa kwenye kopo yafuateni.

Leo ni wiki ya sita. Jana nimefunga injini na tangi. Kabureta ikafurika kidogo kama kawaida yake, petroli ikatiririka kwenye bomba la chini. Nilisimama nikaitazama mpaka ikakauka. Rangi iko vile vile.

---

Kijana_wa_Kange

Hongera sana kaka. Mimi nimemaliza ya kwangu wiki iliyopita lakini taa ya mbele inafifia na honi haisikiki. Betri ni mpya. Inaweza kuwa rangi?

CG_ya_Mzee

Inaweza, na kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Umeme unarudi betrini kupitia fremu, na wewe umeipaka rangi pale waya wa ethi unapofungwa. Fungua ile bolti, kwangua rangi upana wa sarafu mpaka chuma king'ae, funga waya kwa nguvu, halafu paka grisi juu yake ili kutu isiingie. Angalia na injini inaposhikia kwenye fremu, ifanyie hivyo hivyo bolti moja.

Ukiwa hapo chini, tazama kitundu kidogo kwenye bomba la mkono wa nyuma, upande wa chini kabisa. Kama rangi imekiziba, kitoboe kwa sindano. Maji ya mvua yanatokea hapo.